Siku mbili Lima: mji wa zamani au majabali ya baharini?

Wengi wetu tunaofika Lima, mji mkuu wa Peru, hatukuipanga Lima. Tumepanga Machu Picchu, magofu ya Wainka, watu wa kale wa milima ya Andes. Tiketi ya ndege ya Cusco, mji wa kupitia kwenda huko, ni ya kesho au keshokutwa, basi jiji la watu wapatao milioni 10 linageuka kuwa chumba cha kusubiria. Nami nilifika hivyo hivyo, mwezi wa nane, nikiwa na siku mbili mkononi na agizo moja kutoka kwa mama, ambalo nitalifikia.

Lima ya mgeni ni mbili. Kuna Centro, mji wa zamani aliouanzisha Mhispania Francisco Pizarro, mtekaji wa Peru, tarehe 18 Januari 1535, wenye viwanja, makanisa na makelele. Na kuna pwani, yaani Miraflores na Barranco, mitaa iliyokaa juu ya majabali yanayotazama Pasifiki. Kati ya Lima moja na nyingine ni kama kilomita nane mpaka kumi, lakini foleni za huko huzifanya zionekane arobaini.

Ushauri utakaopewa na kila mtu ni huu: lala Miraflores, Centro ipe nusu siku, rudi kabla ya giza. La kulala nakubali bila ubishi. La nusu siku nina ugomvi nalo.

Tuanze na mawingu

Lima imejengwa jangwani, ila usidhani jangwa ni jua. Mkondo baridi wa Humboldt unapita karibu na ufuko, hewa ya baharini inapoa, na kuanzia Juni hadi Septemba hivi wingu la kijivu linalifunika jiji kama kifuniko cha sufuria. Mvua ya kweli hainyeshi. Kinachoshuka ni garúa, manyunyu membamba yanayolowesha miwani huku barabara ikibaki kavu. Ukitazama mapaa ya nyumba za kawaida utaona ni bapa, hayana mteremko wa kumwaga maji, na huko juu watu wameanika nguo na kufuga mbwa.

Asubuhi yangu ya kwanza nilitembea mpaka ukingoni Miraflores niione Pasifiki. Niliisikia tu. Chini kulikuwa na mngurumo wa mawe yakiburutwa na mawimbi, maana ufuko wa pale ni wa kokoto si mchanga, na mbele yangu palikuwa na ukuta mweupe. Kijana mmoja wa kurusha wageni kwa parashuti alikuwa ameketi juu ya mfuko wake akichezea simu, hana kazi siku hiyo.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, tazama kalenda. Kati ya Juni na Septemba, sifa kubwa ya pwani, yaani upeo wa bahari na machweo, haipo siku nyingi. Centro haina cha kupoteza. Kanisa la karne ya 17 linapendeza hata chini ya wingu. Desemba mpaka Machi mambo yanageuka. Centro inachemka mchana, na kule juu ya majabali kuna upepo na jua linalozama baharini mbele ya macho yako. Sweta beba majira yoyote, hasa wewe mtu wa Dar au Mombasa, kwa sababu nyuzi 16 zenye unyevunyevu zinaingia mpaka kwenye mifupa.

Centro: hapa ndipo ninapokuombea siku nzima

Ukisimama katikati ya Plaza Mayor, kitu cha zamani kuliko vyote uwanjani ni chemchemi ya shaba ya mwaka 1651. Vingine vimebomoka na kujengwa tena. Tetemeko la 1687 liliangusha, la 1746 likamalizia, na hata Ikulu unayoiona na jumba la Askofu Mkuu ni kazi za karne ya 20. Angalia hata hivyo roshani za mbao za hilo jumba la Askofu: zimefungwa pande zote, zimechongwa matundu matundu ili aliye ndani aone nje bila kuonekana. Mtu aliyezoea vichochoro vya Unguja au Mombasa atasimama kidogo. Ufundi ule Wahispania waliurithi kwa Waislamu wa Andalusia, wakauvusha bahari upande mmoja, wakati huku kwetu roshani zimefikia kwa njia nyingine kabisa.

Nitapita haraka kwenye Kanisa Kuu. Pizarro, aliyeuawa mwaka 1541, amezikwa humo, na kwa muda mrefu watu walikuwa wakionyeshwa maiti isiyo yake, hadi 1977 mafundi walipokuta sanduku la madini ya risasi lenye fuvu na maandishi ya jina lake. Kisa kizuri, lakini ukiwa na tiketi ya kanisa moja tu, usiitumie hapo.

Itumie San Francisco. Juu kuna maktaba ya mbao iliyofifia, yenye vitabu kiasi cha 25,000, na chini kuna makaburi ya mahandaki. Walizikwa humo watu wanaokadiriwa kufikia 25,000, mpaka maziko yakahamishiwa nje ya mji mwanzoni mwa karne ya 19. Unashuka ukiwa umeinama, dari iko chini, kuna harufu ya vumbi na unyevu. Kisha unafika kwenye shimo la mviringo kama kisima, na mle ndani mifupa ya mapaja na mafuvu imepangwa kwa duara, safu juu ya safu, mithili ya mkeka uliosukwa. Waliopanga hivyo ni wachimbaji wa karne ya 20, si waliozika. Bibi mmoja katika kundi letu alianza kusali kwa sauti ya chini, na mwongozaji aliyekuwa akitoa mizaha akanyamaza. Kupiga picha hairuhusiwi. Ukiwa na mtoto mdogo au mtu anayeogopa mahali pa kubana, mbaki juu.

Sasa agizo la mama. Kwenye ukuta wa sebule yetu imetundikwa, tangu sijazaliwa, picha ya mtawa mweusi aliyeshika ufagio, na miguuni pake mbwa, paka na panya wanakula sahani moja. Ni Mtakatifu Martini wa Porres. Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanamjua vizuri, zipo parokia na shule zenye jina lake, lakini wengi hawajui kwamba alikuwa mtoto wa Lima. Alizaliwa 1579, baba Mhispania, mama mwanamke mweusi aliyekuwa ameachiwa huru kutoka utumwani. Kwa sababu ya rangi yake sheria za wakati huo hazikumruhusu kuwa mtawa kamili, akaingia konventi ya Santo Domingo kama mtumishi: kufagia, kunyoa watu, kuuguza wagonjwa. Alifariki 1639, na akatangazwa mtakatifu 1962. Masalia yake yako hapo hapo Santo Domingo, mtaa mmoja tu kutoka Plaza Mayor, pamoja na ya Mtakatifu Rosa wa Lima.

"Mwanangu," mama alikuwa ameniambia, "ukifika kwa Martini usiache kunisalimia." Nilimpigia simu ya video nikiwa uani, penye matao na vigae vya bluu. Kwake ilikuwa usiku. Alitazama bila kusema kitu, kisha akauliza: "Ufagio wake uko wapi?"

Huhitaji kuwa Mkatoliki ili Centro ikuguse upande huu. Dakika kama kumi na tano kwa miguu kuna kanisa la Las Nazarenas, lenye mchoro wa Kristo msalabani ambao, kwa mapokeo ya Lima, ulichorwa mwaka 1651 na mtumwa kutoka Angola juu ya ukuta wa udongo. Tetemeko la 1655 liliangusha kila kitu karibu yake, ukuta ule ukabaki. Leo hii kila Oktoba mamia ya maelfu ya watu huvaa zambarau na kuufuata mchoro huo, nakala yake ikiwa imebebwa mabegani, na mji mzima unakwenda mwendo wa konokono. Ukifika Oktoba, hakuna cha kuchagua tena: nenda Centro, na uiache ratiba yako hotelini. Wakati huo utauziwa pia turrón de Doña Pepa, kipande kitamu chenye asali na vidonge vya peremende za rangi, ambacho nacho hadithi yake inarudi kwa mwanamke mweusi.

Kuna vitu vidogo pia. Katika uwanja wa San Martín, uliofunguliwa 1921, tazama chini ya farasi wa Jenerali San Martín, mkombozi wa Peru: yupo mwanamke wa shaba, na kichwani pake amesimama llama, mnyama wa Andes, mdogo kama kuku. Kisa wanachosimulia ni kwamba agizo lilikuwa avishwe taji la miali ya moto, na kwa Kihispania "llama" ni mwali na ni mnyama pia. Fundi akamwelewa mteja alivyomwelewa. Na ukifika kwenye stesheni ya zamani ya reli ya Desamparados, nyuma ya Ikulu, ingia: ni nyumba ya fasihi ya Peru, kiingilio hakuna, na dari yake ya vioo vya rangi inafaa kuitazama hata kama Kihispania chako kinaishia kwenye "gracias".

Pwani: kitu kimoja kikubwa, na vingine vya kupumzikia

Siitupi pwani. Nitakuwa mkweli tu kwamba kule kuna jambo moja ambalo Centro haina jibu lake, nalo ni Huaca Pucllana.

Unatoka kwenye mtaa wa maghorofa na maduka ya kahawa, unakata kona, unakutana na kilima cha udongo kilichojengwa kwa mikono ya watu takriban miaka 1,500 iliyopita, karne nyingi kabla ya Wainka. Matofali yake madogo ya udongo hayakulazwa kama sisi tunavyolaza. Yamesimamishwa wima, moja kando ya jingine, kama vitabu kwenye rafu, na kati yake wameacha mianya. Ardhi ikitikisika, yanacheza bila kuanguka. Niliweka uso karibu na ukuta mmoja: kwenye tofali kulikuwa na alama za vidole vya aliyelikanda. Mwongozaji alituambia kwamba kabla ya uchimbaji kuanza mwaka 1981 watu walikuwa wakipanda juu ya kilima hicho na pikipiki. Unaingia kwa kundi na mwongozaji, na Jumanne pamefungwa. Hilo la Jumanne liandike mahali.

Jumba la kumbukumbu la LUM, lililofunguliwa 2015 kwenye ukingo wa jabali, linasimulia vita vya ndani vya 1980 mpaka 2000, kati ya waasi wa Sendero Luminoso na dola. Tume ya Ukweli ilikadiria waliokufa au kupotea kuwa karibu 69,000, wengi wao wanakijiji waliozungumza Kiquechua, lugha ya wenyeji wa Andes. Ni mahali pazito, na kwa mtu aliyeishi Kigali, Bujumbura au Goma uzito wake unaweza kuwa wa namna nyingine. Usipange kwenda kula mara tu ukitoka.

Yaliyobaki Miraflores ni ya miguu na hewa: bustani ndefu juu ya majabali, sanamu ya wapenzi wakibusiana, duka kubwa la Larcomar lililochimbwa ndani ya jabali. Larcomar ipite tu. Maduka yale utayaona Dubai, Nairobi na kwingineko.

Barranco ndiyo ya jioni. Nyumba za matajiri wa zamani waliokuwa wakija kuoga baharini, zimechakaa kwa heshima, kuta zimejaa michoro, na daraja la mbao la 1876 linaloitwa Puente de los Suspiros. Maana yake ni Daraja la Kushusha Pumzi kwa mapenzi. Wanasema ukilivuka mara ya kwanza bila kuvuta pumzi, unachokitamani utakipata. Nilivuka nyuma ya wanandoa waliosimama katikati kupiga picha, nikakosa pumzi na nikakosa na haja yangu.

Tumbo lako litaamua pia

Kwa samaki, pwani inashinda. Ceviche ni samaki mbichi aliyeivishwa kwa ndimu, chumvi, kitunguu na pilipili; moto hauhusiki. Wenyeji huila mchana, samaki akiwa bado wa asubuhi, na migahawa mingi ya ceviche inafunga jioni. Ukiona mahali panakusukumia ceviche saa tatu usiku, ujue hiyo ni ya wageni.

Lakini kwa mtu wa kwetu, kitu cha kutafuta ni anticucho. Ni mishkaki. Moyo wa ng'ombe unakatwa vipande, unalazwa kwenye siki, kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili nyekundu, unachomwa kwenye mkaa. Asili yake inasimuliwa kuwa ni watumwa Waafrika, waliobakiziwa sehemu za ndani za mnyama baada ya bwana kuchukua nyama nzuri. Mama niliyenunua kwake hakuwa na brashi. Alikuwa na maganda ya mahindi yaliyofungwa pamoja kama kifagio, anachovya kwenye viungo, anapiga juu ya nyama, moto unaruka. Pembeni anakuwekea kiazi kilichochemshwa na kipande cha hindi lenye punje kubwa kama jino la ng'ombe. (Tunaviita viazi ulaya, na Ulaya walivichukua huku huku kwenye milima ya Andes.)

Baada ya hapo tafuta picarones: unga uliokandwa na boga na viazi vitamu, unatiwa kwenye mafuta kwa umbo la pete, kisha unamwagiwa shira ya chancaca, ambayo ni sukari guru yenyewe. Kaimati na picarones wangekutana wangesalimiana kwa majina. Vyote viwili utavipata Centro na pwani, usiku hasa, kwa wachuuzi wenye foleni ya wenyeji.

Kwa msomaji Mwislamu: nyama ya kuchinjwa kihalali si rahisi kuipata mitaani, na nguruwe yumo kwenye mikate mingi ya kujazwa nyama ya Centro pamoja na vyakula vya Kichina, vinavyoitwa chifa, vya mtaa wa Capón. Kwa sababu hiyo pwani, penye samaki kila kona, itakusumbua kidogo kuliko Centro.

Kutoka huku kwenda kule

Mkazi wa Dar atajisikia nyumbani akiona Metropolitano: mabasi marefu kwenye njia yake mwenyewe, vituo katikati ya barabara, kadi ya kugusa, na msongamano wa saa moja asubuhi. Ni ndugu wa mwendokasi. Lima ilianza 2010, Dar 2016, na wote wawili walijifunza kwa mabasi ya Bogotá, Kolombia. Kutoka Barranco na Miraflores unaweza kupanda mpaka kituo cha Jirón de la Unión, ukatembea dakika chache hadi Plaza Mayor. Epuka saa za kwenda na kutoka kazini.

Mabasi madogo ni daladala kamili, pamoja na konda anayening'inia mlangoni akiita "sube, sube!" Ukitaka kushuka atakwambia "pie derecho", tanguliza mguu wa kulia, kwa kuwa mlango uko kulia na gari halitasimama sawasawa. Napenda kusikia hivyo, ila sikushauri kama huna Kihispania. Tena miaka ya 2024 na 2025 madereva wamegoma mara kadhaa kwa sababu ya magenge yanayowatoza pesa kwa vitisho, na siku ya mgomo hutapata usafiri. Teksi za barabarani hazina mita. Mmoja alinitajia bei, tulipofika akasema ilikuwa ya kila begi. Nilikuwa na begi moja, kwa hiyo nilibaki nikimtazama tu. Ita gari kwa simu, bei uione kabla.

Kuhusu usalama, mchana Plaza Mayor imejaa polisi na familia. Vibaka wa simu wapo kote, Miraflores nao wamo. Tofauti ni usiku: Centro, maduka yakishafunga, baadhi ya mitaa inakuwa mitupu haraka, na kuvuka mto kwenda upande wa Rímac kwa miguu sikushauri. Hapo ndipo ule ushauri wa kulala Miraflores unapokuwa na haki.

Basi uchague hivi

Siku moja, mwezi wowote isipokuwa Desemba hadi Machi: Centro kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, kisha Barranco kula. Siku moja katikati ya kiangazi chao: Pucllana asubuhi, Centro mchana hata kwa jasho, ukingoni Miraflores kabla ya saa kumi na mbili na nusu jua linapozama.

Siku mbili: ya kwanza yote Centro, ya pili pwani. Usizigawe nusu nusu, foleni itakula robo ya kila moja. Ikiwa ya pili ni Jumanne, zibadilishe.

Mzazi mwenye watoto wadogo, au mtu aliyechoka na safari ya saa ishirini na kitu angani: pwani, bila kuona haya. Bustani ni pana, na paka wa Parque Kennedy, bustani ya katikati ya Miraflores, watawashughulisha watoto kuliko askofu yeyote.

Na mwenye saa nane au tisa tu kati ya ndege mbili, huyo asiende Miraflores kabisa. Uwanja wa ndege uko Callao, na Centro iko karibu nao kuliko pwani. Nenda Plaza Mayor, San Francisco na Santo Domingo, kula anticucho ukimpata anayechoma mchana, na anza kurudi zikiwa zimebaki saa nne kabla ya ndege kuruka. Foleni ya Callao nimeikalia saa moja na nusu, nikitazama bawa la ndege ya watu wengine likipaa juu ya paa la basi.